Magurudumu yote manne kuvuta si kinga ya theluji

Kila msimu wa baridi ukikaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: gari la kasi likiwa na mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, endesha tu kwenye theluji na matairi yake ya kiangazi. Si kweli, na tafadhali usiusambaze, maana anayeuamini anaweza kuumia.

Mfumo huo husaidia gari kuondoka. Kusimama na kukata kona hutegemea mshiko wa tairi, na mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya takribani nyuzi 7, hata barabara ikiwa kavu. Watu huchanganyikiwa kwa sababu gari huondoka vizuri bila kuteleza, dereva akadhani breki nazo zitashika hivyohivyo.

Kagua ubavu wa tairi: tafuta mchoro wa mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha matope na theluji) peke yake haitoshi; haithibitishi kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji. Ukikosa mchoro huo, badilisha matairi yote 4 au liegeshe gari hadi baridi ipite.