Plastiki isiyoyeyuka si lazima iwe salama
Mtwara, kama ilivyo Lindi, wengi huamini kwamba chombo cha plastiki kikitiwa mchuzi wa nazi wa moto bila kuyeyuka wala kunuka, hakina madhara. Imani hiyo inaeleweka, kwani macho na pua ndivyo vipimo vya nyumbani. Hata hivyo, bisfenoli, kemikali iliyomo katika baadhi ya plastiki ngumu, na thaleti, kemikali zinazolainisha plastiki aina ya PVC, hazionekani, na huhamia kwenye chakula kwa wingi zaidi penye joto na mafuta. Mwilini kemikali hizo huweza kuiga au kuzuia homoni, jambo linalohofiwa zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga. Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu: 3 ni PVC, 5 hustahimili joto vizuri zaidi, ilhali 7 hujumuisha aina nyingi, baadhi zikiwa na bisfenoli. Namba hiyo hutaja aina tu, si cheti cha usalama; mchuzi wa moto, kwa maoni yangu, ubaki sufuriani.