Saa ya kwenda Maziwe haipangwi na mimi wala wewe

Wiki hii nimepigiwa tena simu na kiongozi wa kundi kutoka Tanga mjini. "Nahodha, wenzetu walikuja mwezi uliopita wakaondoka saa tatu asubuhi, na sisi tutaondoka saa tatu." Nikamwambia kwa tarehe aliyochagua, saa nne bahari itakuwa imejaa na Maziwe, kisiwa chetu cha mchanga nje ya Pangani, hakitaonekana. Akadhani namzungusha ili nipandishe bei. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika.

Si kweli kwamba maji hupwa asubuhi na kujaa jioni. Hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku moja na ushei, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa sababu yanaufuata mwezi. Jumlisha dakika hizo kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Kwa hiyo ikiwa Jumamosi hii maji yamekupwa saa nne asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yamejaa. Nahodha ni yule yule na boti ni ile ile, lakini pa kukanyaga hapapo.

Mzee yeyote wa Pangani anayehesabu mwezi anajua haya bila kutazama simu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvu, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Ukifika nusu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Siku za bamvu huku kwetu bahari hupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Siku za maji mafu asubuhi hiyo bahari imejaa, na kupwa kunakuja alasiri, saa kumi au zaidi, tena maji yenyewe hayaendi mbali. Ndiyo sababu nawasihi watu waje siku za bamvu: fungu linatoka wazi asubuhi, kabla upepo haujakaza.

Nasema fungu kwa sababu ndivyo Maziwe ilivyo leo: mchanga mtupu uliozungukwa na matumbawe. Hakuna mti, hakuna choo, hakuna kivuli ila mwamvuli uliokuja nao. Bamvu ikijaa, lote linafunikwa.

Sasa nije kwenye lile linalonikera kuliko yote: "Maji yakianza kupanda tutayaona, tutaondoka." Hamtayaona. Bamvu ya Tanga hupanda zaidi ya mita 3. Tuchukue 3 kamili ili hesabu iwe nyepesi. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kama sentimita 25. Ya pili, 50. Ya tatu, 75, na ya nne 75 tena. Kisha hupungua kasi, 50 na 25, hadi yajae. Saa ile ya kwanza ndiyo inayowadanganya watu. Wanatazama ukingo, wanaona haujasogea sana, wanamimina chai ya pili. Kwenye mchanga uliolala, sentimita 75 za kimo zinameza eneo kubwa mno. Tena fungu halijanyooka, lina vibonde, na maji huingia vibondeni kwanza. Aliyekaa akitazama bahari ya mbele anazungukwa kwa nyuma. Nikipiga filimbi sifanyi hivyo kwa kupenda kuharibu picha za mtu, nimekwisha kuona kibonde kilicho kati yake na boti kimeanza kung'aa.

Ukifika mapema mno nako kuna taabu yake. Maji yanapokupwa, boti iliyosogezwa karibu inakaa mchangani, na haitoki mpaka bahari irudi. Kwa hiyo natia nanga mbali kidogo na unashuka maji yakiwa magotini. Vaa viatu, usikanyage matumbawe. Jaketi okozi huvaliwa safari nzima, na hilo sina mjadala nalo.

Kuhusu jedwali la maji la kwenye simu: litumie, lakini ujue ni hesabu ya mwezi na jua tu. Upepo haumo, wala mto Pangani ukiwa umejaa mvua ya bara haumo. Na mara nyingi watu wanasoma 10:12 wakasema saa kumi. Ni saa nne na dakika kumi na mbili.

Mlango wa mto ndio unaonipa mashaka ambayo sijaona jedwali likiyagusa. Maji ya mto yanayotoka pamoja na kupwa yakikutana na kusi, upepo wa kutoka kusini, linaloingia, mawimbi yanasimama wima juu ya mchanga wa mlangoni, hata kama nje bahari imetulia. Ipo siku kila namba inasema twende, nami nikifika pale nageuza boti.

Wageni huuliza miti ya Maziwe ilikwenda wapi, na jibu la haraka ni kwamba ilikatwa. Maziwe ilitangazwa hifadhi mwaka 1975 ikiwa bado na mivinje. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Sababu moja hainiridhishi. Mchanga ule huhama na kusi na kurudi na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kila mwaka, na mti ukiondoka mzizi wa kuushika haupo tena. Kipi kilitangulia, shoka au mkondo, hata wataalamu hawakubaliani.

Kasa hawajaacha kuja kutaga. Yai lao linapumua kupitia ganda, na bahari ikilifunika, kinda hufa. Ndiyo maana viota huhamishiwa bara, kijiji cha Ushongo, na anayehamisha halipindui yai, kwa kuwa saa chache baada ya kutagwa kijusi hujishika kwenye ganda na kukigeuza ni kukiua. Ukiona nyayo pana mchangani, zilizokwangua kama za trekta, usichimbe. Niite.

Basi ukinipigia, anza na tarehe. Saa nitakupa mimi. Ikiwa tarehe haibadiliki na imeangukia maji mafu, nitakupeleka kupanda mto kuangalia mikoko na mashamba ya minazi, na Maziwe tutaipangia bamvu inayofuata.