Msamaha wa kodi huishia wapi kabla ya kumfikia mtoto?

Kila Juni bajeti inaposomwa bungeni, nyumba za wageni hapa Dodoma hujaa na bei zake hupanda bila kumwomba mtu ruhusa. Simu yangu nayo huchangamka. Mimi ni mshauri wa kodi, na wanaonipigia wengi wanataka kujua bidhaa gani imesamehewa. Ila swali lililonikaa zaidi sikuulizwa kwenye simu. Aliniuliza mama ninayenunua kwake karanga Soko la Majengo: "Mwanangu, hiyo kodi wanayosema wameiondoa, mbona mimi haijawahi kuniondokea?"

Nilimjibu kwa kisa cha taulo za kike. Juni 2018, Dkt. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha, alitangaza kuziondolea VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Shangwe zilikuwa kubwa, maana kuna wasichana wanaokosa vipindi vya darasani kila mwezi kwa kukosa kitu hicho kidogo. Juni 2019 kodi ikarudishwa. Sababu iliyotolewa: bei hazikushuka, msamaha ukaishia kwa wafanyabiashara.

Watu wakalaumu tamaa. Tamaa ilikuwepo, sikatai. Lakini chukua pakiti ya shilingi 2,000 upige hesabu. VAT iliyomo humo ni shilingi 305, si 360 kama ninavyosikia hata kwa wahasibu, kwa sababu asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei kabla ya kodi. Halafu msamaha si sawa na kiwango cha sifuri. Bidhaa ikitozwa kwa kiwango cha sifuri, kiwanda hudai kurejeshewa VAT kilicholipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio. Bidhaa ikisamehewa, hakirejeshewi kitu. Kodi ile ya manunuzi inageuka gharama na kuingizwa kwenye bei. Kwa hiyo zile 305 zimeshapunguka kabla pakiti haijatoka kiwandani. Inapita kwa muuzaji wa jumla, inafika duka la mtaani ambako bei ya pakiti kama hiyo mara nyingi hupanda au kushuka kwa mia tano mia tano. Tuseme imebaki mia na hamsini; utamshushiaje mteja? Inabaki kwenye droo ya mwenye duka, wala hajaiba.

Na hata bei ingeshuka, anayefaidi zaidi ni mwenye kikapu kikubwa. Wa Majengo ananunua sabuni ya kipande. Mwingine anapakia boksi zima kwenye buti la gari. Wote wamesamehewa asilimia ileile.

Kwa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, nisikuchoshe. Mapato yasiyozidi 270,000 kwa mwezi hayatozwi, na hilo ni jema. Mwenye mapato ya 600,000 yanayotozwa kodi hukatwa 36,000, awe kapera au awe na watoto watano. Wapo wanaotaka pawepo nafuu kwa kila mtoto. Naelewa, ila mimi nisingeanzia hapo. Mama wa karanga hana hati ya mshahara. Analipa VAT kwenye sabuni bila kuiona kwenye risiti, kwa sababu duka dogo halijasajiliwa kwa VAT (kizingiti cha usajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka) lakini mzigo wake lilinunua ukiwa na kodi ndani.

Mtoto wa kaya kama hiyo hafikiwi kwa kupunguza kodi. Anafikiwa kwa kukusanya kodi pale ilipo, kisha fedha zipelekwe nyumbani kwao. Njia tunayo: mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao umekuwa ukizipa kaya ruzuku na kufuatilia watoto waende shule na kliniki. Ruzuku haipiti kiwandani wala haisubiri mtu ashushe bei. Kinachonisumbua ni kwamba kwa miaka mingi mpango huu umeegemea mno mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili. Kitu cha kudumu kama chakula cha mtoto tumekiweka kwenye mradi wenye tarehe ya mwisho.

Fedha za ndani zitoke wapi? Mimi ningeanza na majengo. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, ghorofa la mjini 7,500 kwa kila sakafu. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo nalisifu. Lakini nyumba ya vyumba viwili Chang'ombe na jumba la kifahari lisilo na ghorofa, lenye bustani na geti la umeme, zote ni 1,500. Tungekadiria thamani, hata kwa madaraja matatu au manne tu kufuatana na eneo na ukubwa, jumba lile lingelipa linalostahili. Wenye majumba hayo hawatapenda. Baadhi yao ni wateja wangu, na nimeshawaambia.

Mama alinisikiliza huku akipima karanga. "Hiyo ya LUKU ndiyo ninayoijua," akasema. "Inanikata kila mwezi, na nyumba si yangu. Nimepanga."

Nikamweleza kwamba kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Atunze ujumbe wa LUKU, mwisho wa mwezi amwombe amtolee kwenye kodi ya pango.

Akacheka mpaka jirani yake wa dagaa akageuka. "Nimdai mwenye nyumba 1,500? Halafu nihamie wapi, kwako?"