Mtumwa wa Mungu si mtumwa wa Mkunazini

Dhana: mtumwa wa Mungu ni mtu aliyevunjwa nia.

Hapa Unguja neno hili lina uzito wake. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, na tumepokea kwamba altare iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia. Mgeni akisikia humo Paulo anajiita "mtumwa wa Kristo Yesu" hushtuka, na simlaumu. Ila aliyeuzwa pale sokoni hakuulizwa kitu. Wafilipi 2 yasema Kristo alitwaa namna ya mtumwa. Alitwaa, hakutwaliwa. Na katika Yohana 10:18 anasema uhai wake hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe. Jirani zangu Waislamu hawaoni ajabu: kina Abdalla, yaani "mtumwa wa Mungu", wamejaa mtaani, na wako kina bibi wanaoitwa Mtumwa hasa.

Dhana: mnyenyekevu hafungui mdomo.

Yesu alipigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, akauliza: "Wanipigia nini?" Paulo naye kule Filipi alikataa kutolewa gerezani kwa siri, waliomfunga waje wenyewe wamtoe. (Dhana hii, nimeona, huipenda zaidi waliozoea kuamrisha.)

Dhana: mtiifu haulizi.

Mariamu aliuliza kwanza, "Litakuwaje neno hili?" Baada ya kujibiwa ndipo aliposema, "Mimi ni mjakazi wa Bwana."

Dhana: unyenyekevu ni kutumikia, basi.

Na kutumikiwa je? Biblia yetu inasema Yesu "akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu", kitenzi kilekile cha jirani anayejiandaa kwa sala. Petro alikataa katakata, na kukataa kwake kulifanana sana na unyenyekevu, mpaka alipoambiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika na Bwana wake.

Mwaka mmoja nilichaguliwa niwe kati ya wale kumi na wawili wanaotawadhwa miguu Alhamisi Kuu. Nyumbani nilisugua visigino kwa jiwe mpaka vikawasha, nikakata kucha, nikapaka mafuta. Miguu ikaja kanisani misafi kuliko maji yenyewe. Padre alipopiga magoti na beseni lake la plastiki, nikauvuta mguu chini ya benchi. Mzee wa kando yangu akaninong'oneza:

"Mwanangu, utoe huo mguu. Petro alikataa, na bado akatawadhwa."