Mafuta ya ngozi: chakula cha mba, kinga dhidi ya mapunye

Maabarani kwetu hapa Mwanza kuna chupa ya mafuta ya zeituni isiyohusiana kabisa na kachumbari. Tunalishia kuvu. Ukikwangua magamba ya mba wa mwili ukayapandikiza kwenye sahani ya kawaida ya kuoteshea, utasubiri weee usione kitu. Tandaza mafuta juu yake, na baada ya siku chache vidoa vya rangi ya malai vinachomoza. Kuvu huyo anaitwa Malassezia. Hana kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) cha kujitengenezea asidi za mafuta, kwa hiyo anazipata kwetu: kichwani, kifuani, mgongoni, popote tezi za mafuta zilipo nyingi.

Anakulaje? Anamwaga nje ya mwili wake kimeng'enya kiitwacho lipasi, kinachokata mafuta ya ngozi vipande vipande. Asidi anazozitaka anazifyonza, nyingine anaziacha zimezagaa. Miongoni mwa hizo zinazobaki ni asidi ya oleiki, ambayo kwa baadhi ya watu huwasha ngozi ya kichwa na kuifanya ibanduke. Huo unga mweupe mabegani mwa shati jeusi ni ngozi yako mwenyewe, si kuvu.

Tena kuvu huyu anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, awe anaoga mara moja au mara tatu kwa siku. Vijana wanaopakua dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jasho likiwatiririka tangu alfajiri, wakitokwa na madoa ya mba mgongoni huambiwa ni wachafu. Si kweli. Joto, unyevu na mafuta ndivyo vinavyomnenepesha. Kujipaka mafuta mazito ili kuficha madoa ni kumwongezea sahani mezani. Na hata akishauawa kwa dawa, madoa hukaa wiki au miezi kabla rangi haijarudi. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani dawa haikufanya kazi.

Mapunye ni habari nyingine kabisa. Kuvu wake, wa jamii ya Trichophyton na Microsporum, hula keratini, protini ngumu ya nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Keratini imefungwa kwa vifungo vya salfa, ndiyo maana nywele iliyoanguka hukaa miaka bila kuoza. Kuvu hawa hutoa kwanza sulfaiti inayovunja vifungo hivyo, kisha vimeng'enya vya keratinasi vinaimalizia protini iliyolegea. Unywele unakatika usawa wa ngozi, na kipara cha mviringo kinabaki.

Umewahi kujiuliza kwa nini mapunye yanawaandama watoto wa shule ya msingi na kuwaacha baba zao? Sababu mojawapo ni mafuta yaleyale. Mtoto anapobalehe, tezi za kichwani huanza kutoa mafuta yenye asidi zinazomzuia kuvu huyu kukua.

Hata dawa nyingi zinapita njia ya mafuta. Utando wa seli zetu umeimarishwa kwa kolesteroli. Wa kuvu, kwa ergosteroli. Klotrimazoli na flukonazoli huziba kimeng'enya kimoja katika kutengeneza ergosteroli, na terbinafini huziba kingine kilicho mapema zaidi. Kuvu anabaki na utando unaovuja.

Mapunye ya kichwani, hata hivyo, hayaponi kwa krimu peke yake, kwa sababu haifiki kwenye shina la unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza. Akiandikiwa griseofulvini, ambayo hunywewa kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, ameze pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa yasiyoenguliwa, au dagaa wa kukaanga. Tumboni mtupu sehemu kubwa ya dawa hiyo hupita bure. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Kinachonikera ni zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, wanazopaka hata wanaotafuta weupe. Muwasho unakoma ndani ya siku mbili, mtu anafurahi. Steroidi imewanyamazisha walinzi wa mwili tu, huku kuvu akitambaa chini kwa chini. Baada ya mwezi choa, yaani mapunye ya mwilini, limepoteza umbo lake la duara, na hata daktari anaweza kulidhania ukurutu.

Kwa hiyo ukija kupimwa, usiwe umepaka kitu chochote mahali hapo kwa siku kadhaa. Kipimo chenyewe hakiumi. Tunakwangua magamba machache kwenye kioo, tunadondoshea kemikali iitwayo potasiamu haidroksaidi na kusubiri kidogo. Keratini inayeyuka, na chini ya hadubini nyuzi za kuvu zinabaki zimejitandaza, zenye matawi kama mizizi.