Kuosha Gari Nyumbani Bila Kuikwaruza Rangi: Adui ni Mchanga

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mzee anayeishi upande wa Maweni hapa Malindi, aliniletea gari lake jeusi akitaka boneti na paa vipigwe rangi upya, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba jua ndilo lililovichakaza. Tuliliegesha juani saa nne asubuhi, nikamwomba asimame kando yangu atazame pale mwanga wa jua unapomulika juu ya boneti, naye akaona nilichokuwa nikikiona: mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, isiyohesabika, imelizunguka doa la mwanga duara kwa duara. Mikwaruzo yenyewe kwa kweli huenda kila upande, ila ile inayokingama na mwanga ndiyo inayong'aa, ndiyo maana jicho huona duara. Jua hufifisha rangi na kuibambua vanishi, halichori mistari. Nilipomuuliza gari huoshwa kwa kitu gani, akaniambia kwamba mjukuu wake huliosha kila Ijumaa kwa dodoki na sabuni ya unga, na hulisugua kwa bidii mpaka aridhike.

Kijana yule hana lawama, kwani hakuna aliyemwonyesha. Nimekuwa fundi wa rangi ya magari kwa miaka mingi, na naweza kusema bila kusita kwamba magari mengi ninayoletewa yakiwa yamepoteza mng'ao yameharibiwa na mikono iliyokuwa ikiyatunza.

Juu ya bati la gari mna matabaka kadhaa: la kuzuia kutu, la praima (rangi ya msingi), la rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo sisi mafundi huiita klia. Klia ya kiwandani huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, na katika milimita moja zimo maikroni 1,000, kwa hiyo unywele mmoja wa kichwani mwako huenda ukawa mnene kuliko ngao nzima ya gari lako. Mchanga, kwa upande mwingine, umejaa chembe za kwatzi, jiwe ambalo hata kisu cha chuma hakiwezi kulikwaruza. Chembe hiyo ikitulia juu ya klia haina madhara. Ikikandamizwa na kitambaa na kuburutwa, inachana. Kila ninachokieleza hapa chini kina shabaha moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba mchanga umeondoka kabla ya mkono kugusa rangi, na kwamba ule mchache uliosalia haurudi.

Asiyeamini kiasi cha mchanga unaobaki na afanye jaribio hili. Baada ya kuosha gari kama ulivyozoea, chukua kitambaa ulichokitumia, kisuuze ndani ya beseni jeupe, uache maji yatulie kwa dakika kumi, kisha uliinamishe beseni polepole. Maji yatakimbilia upande mmoja na chini utaona mstari mwembamba wa mchanga, mweupe kwa anayekaa karibu na ufuo, mwekundu kwa aliyetoka Marafa. Ule mstari ulikuwa kwenye kitambaa ulipokuwa ukipangusa mlango wa mwisho.

Osha asubuhi mapema au alasiri jua likishapoa, gari likiwa kivulini na boneti ikiwa baridi kwa kiganja, kwa sababu kwenye bati la moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza. Anza na tairi na rimu, kwa kitambaa na ndoo ya pekee ambavyo havitagusa rangi kamwe, maana vumbi la breki lina vipande vya chuma. Kisha mwagia gari lote maji mengi kutoka paani kwenda chini. Mwenye mpira wa maji autumie. Asiye nao achote kwa kopo, amwage kwa utulivu, aache maji yenyewe yauteremshe mchanga. Mwagia maji ya sabuni, ngoja dakika tano bila kuyaacha yakauke, kisha mwagia tena maji safi. Hatua hii ndiyo watu huiruka wakidhani ni kupoteza maji, ilhali ndiyo inayookoa rangi kuliko zote zinazofuata. Mwenye mashine ya presha asilete mdomo wake karibu zaidi ya sentimita 30, hasa pale rangi ilipokwisha kupasuka au kuinuka.

Sasa zinahitajika ndoo mbili za lita 20, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu. Kitambaa, ambacho kinafaa kiwe glavu ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi laini sana) yenye nyuzi ndefu au ya sufu, kichovye kwenye sabuni, pangusa sehemu moja tu, kwa mfano nusu ya paa, kisha kisuuze kwanza kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Ziko madukani nyavu ngumu za plastiki za kuweka ndani ya ndoo, kwenye kitako chake, ili mchanga uzame usivurugwe tena. Mimi kwa muda mrefu nilitumia chujio la jikoni la plastiki nililolifudikiza, na kazi ilikuwa ileile. Mkono uende kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza, kutoka juu kushuka, na sehemu za chini ya milango pamoja na bampa ziwe za mwisho, kwa kuwa ndizo zenye mchanga mwingi. Glavu ikianguka chini, iweke kando, chukua nyingine. Dodoki, makumbi ya nazi na sponji ya vyombo yenye upande wa kijani ni vya sufuria. Sabuni ya unga na ya vyombo huondoa nta inayoilinda klia, kwa hiyo tafuta shampuu ya magari. Kifuniko kimoja au viwili katika ndoo hutosha.

Kuhusu maji yenyewe, sisi wa Malindi tuna shida yetu. Mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Maji hayo yakikaukia kwenye rangi huacha madoa meupe ya duara, na yakiachwa juani wiki baada ya wiki hujichimbia ndani ya klia. Ukiwa na kisima tu, tumia maji yake kwa kumwagia mara ya kwanza, na uweke akiba ya ndoo moja ya maji ya mfereji au ya mvua kwa kusuuzia mwisho. Doa changa hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ipakwe bati likiwa baridi, isiachwe ikauke, kisha isuuzwe vizuri; jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Mavi ya kunguru na utomvu wa mwembe havingoji siku ya kuosha. Viwekee kitambaa chenye maji kwa dakika chache vilainike, kisha vinyanyue, usivisugue. Nimeona boneti iliyobaki na alama ya kudumu kwa sababu mwenyewe aliegesha chini ya mti siku tatu akaja kukwangua kwa ukucha.

Usiliache gari likauke lenyewe. Tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya bati, ligandamize kidogo kwa viganja, linyanyue. Msimu wa kusi, upepo unapoleta rasharasha ya bahari mpaka barazani, na kwa wanaopita Gongoni na Marereni penye mashamba ya chumvi, ni lazima pia kumwagia maji matamu chini ya gari na ndani ya mabawa ya tairi, kisha kufungua milango na kutazama yale matundu madogo ya ukingo wa chini kama yanatoa maji. Yakiziba, chumvi hubaki ndani na kutu huanza mahali usipopaona. Nta nayo ipakwe kila baada ya miezi mitatu hivi.

Gari la mzee sikulipiga rangi. Nilipima unene, nikaona klia bado ipo, nikaling'arisha kwa mashine mara moja, kwa tahadhari, kwa sababu kung'arisha ni kuipunguza klia na hairudi. Kisha nilimwita mjukuu wake tukaliosha pamoja. Jioni alizifua glavu kwa sabuni ya maji, akazikung'uta, akazianika kwenye kamba ya juu, mbali na mchanga wa uwanjani, na zilipokauka akazitia ndani ya ndoo yenye kifuniko.