Je, nyasi za baharini zikifa, kasa hula nini?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa jepesi: bahari ni pana na kasa ni mwogeleaji hodari, basi malisho yakiharibika atahamia kwingine, au atakula mwani, ambao haukosekani. Nilikosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni kudhani kasa hana kwao. Kasa uziwa, yule anayeitwa pia kasa wa kijani, husafiri hata mamia ya kilomita kwenda kutaga, kisha hurudi kwenye malisho yaleyale, mwaka hadi mwaka. La pili ni kuwaweka kasa wote kwenye sahani moja. Kasa aina ya noa hula yavuyavu. Duvi huvunja kaa na konokono. Ng'amba wa Karibi, kama mtafiti Anne Meylan alivyoonyesha mwaka 1988, hula zaidi sifongo, wanyama wa baharini wasiosogea, zilizojaa vijiti vidogo vya kioo! Anayetegemea nyasi hasa ni uziwa aliyekwisha kukua. Akiwa mchanga huanza na wanyama wadogo wadogo wa bahari kuu.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo ni kuchanganya nyasi na mwani. Nyasi za baharini ni mimea kamili: zina mizizi, maua na mbegu. Mwani hauna hata kimoja. Nyasi zinahitaji mwanga mwingi, kwa hiyo tope la mito na mbolea ya mashambani, inayostawisha mwani juu ya majani yake, huziua kwa giza. Tathmini ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa asilimia 29 ya eneo la nyasi lililowahi kurekodiwa duniani tangu 1879 limetoweka.

Sasa tuingie tumboni. Ukakamavu wa jani la nyasi unatokana na selulosi, na kasa mwenyewe hawezi kuivunja. Kazi hiyo hufanywa na bakteria walio katika sehemu ya mwisho ya utumbo wake, jambo ambalo mtafiti wa kasa Karen Bjorndal alilieleza mwaka 1979. Fikiria karakana iliyojaa maseremala. Kila siku zinaingia mbao, kila siku vinatoka viti. Siku moja mbao zinakoma, vinaletwa vyuma. Karakana imejaa mzigo, mafundi wapo, lakini hakuna kiti kinachotoka. Wahunzi wawili watatu waliokuwa pembeni lazima kwanza waongezeke. Ndivyo ilivyo kwa mwani: sukari zake ni za aina nyingine, nao unataka bakteria wengine. Kwa hiyo kasa anaweza kuwa na tumbo lililoshiba na mwili wenye njaa.

Tena uziwa hali chakula ovyo ovyo. Katika visiwa vya Bahama huonekana akirudia kipande kilekile cha nyasi, akikata machipukizi mapya, ambayo yana naitrojeni nyingi na ugumu mdogo kuliko majani ya zamani. Kwa kweli analima. Kipande hicho kikizikwa na tope, anapoteza shamba alilolitunza kwa mdomo wake.

Shark Bay, magharibi mwa Australia, joto kali la bahari la mwaka 2011 liliua nyasi nyingi, na watafiti walioendelea kuwakamata na kuwapima kasa waliona afya yao imeshuka. Huko Hawaii mambo hayakuwa hivyo: mwani mgeni, *Acanthophora spicifera*, ulifika karibu na mwaka 1950, na kasa wakajifunza kuula mpaka ukawa chakula chao cha kawaida. Lakini huko walikuwa wala mwani tangu awali, kwa hiyo hatuwezi kuuchukua mfano huo kama kinga kwa wala nyasi. Wapo pia wanasayansi waliohusisha mwani unaonawiri kwa mbolea na vivimbe vinavyowapata kasa hao, na wenzao wamewapinga. Mjadala haujafungwa.

Kinachonishangaza zaidi kimeonekana Derawan, Indonesia, ndani ya hifadhi. Kasa walilindwa, wakakusanyika kwa wingi kwenye nyasi zilizobaki. Majani yalipopungua hawakuondoka. Walianza kufukua mchanga kwa mapezi ili wale mashina yanayotambaa chini yake, yaleyale ambayo nyasi huchipukia.